Gunia lililobeba mtoto

Njombe,
Jumamosi jioni

Mpendwa dada yangu,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku wazima, ila baridi tu. Unaijua Njombe ya mwezi wa saba: asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi kama mvuta sigara, na maji ya bomba yanauma vidole. Nimekaa karibu na jiko la mkaa. Usishangae karatasi ikinuka udongo, nimeichana kwenye daftari ninalokwenda nalo shambani.

Ujumbe wako niliupata. Umeniomba nikutafutie mstari wa Biblia umtumie mdogo wako kwenye simu, kwa kuwa tangu Pasaka hajachangia hata shilingi kwenye matibabu ya mama yenu. Ukasema uwe mstari "utakaomchoma". Halafu ukauliza, nusu utani, hii imani yetu ya Jumapili inafanya kazi gani Jumatatu. Nilianza kukujibu kwa meseji, nikafuta, nikaanza tena, nikafuta. Mistari ninayo, unanijua. Lakini kila niliyoishika ilianza kunichoma mimi. Basi nakuandikia yaliyonipata. Anayeyajua yote ni Baba Tumaini peke yake. Mchungaji anajua nusu.

Kazi yangu unaijua. Nanunua viazi vijijini huko kuelekea Mtwango, napakia kwenye lori la fuso, vinashuka soko la Mabibo, Dar es Salaam. Mkulima anauza kwa gunia. Gunia halali mwisho wake kilo 100, watu wa Wakala wa Vipimo wamelisema hilo mpaka wamechoka. Lakini nauli ya fuso tunahesabiwa kwa gunia, ushuru kwa gunia, na mpakiaji naye analipwa kwa gunia. Sasa ukiweza kuingiza gunia na robo ndani ya gunia moja, umepunguza nauli, umepunguza ushuru, na juu yake umepata viazi vya bure. Ndiyo lumbesa hiyo. Unajaza mpaka mdomoni, unachukua kipande cha gunia jingine, unakiunga juu kwa sindano ndefu na kamba, unaendelea kujaza huku viazi vikubwa ukivipanga pembeni kama mtu anayejenga ukuta, mwisho unafunga kwa wavu. Kijana wangu wa kushona alikuwa fundi hasa. Akimaliza, gunia linasimama kama mtu mwenye kilemba. Na wa kulibeba mgongoni mpaka kwenye gari ni kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye sijui akifika arobaini kiuno chake kitakuwaje. Hilo nalo sikuwa nalifikiria.

Kila mtu anafanya. Sisi wafanyabiashara ndiyo sala yetu ya asubuhi na jioni: kila mtu anafanya.

Mwaka jana, mwezi wa sita, niliingia shamba la mzee mmoja wa jumuiya yetu. Alikuwa na haraka ya fedha, mjukuu wake alitakiwa kuripoti kidato cha tano na vifaa havijanunuliwa. Nilijuaje? Alikuwa ameleta haja hiyo kwenye jumuiya tumwombee. Tukamwombea, mimi nimefumba macho pamoja na wenzangu, na kabla ya "Amina" nilishajua bei nitakayomtajia. Nimeliandika hilo nikakaa dakika nzima nikilitazama. Haja ya maombi ya mtu niliigeuza kuwa habari za soko.

Tukapatana shilingi 60,000 kwa gunia. Vijana wakajaza, magunia 40. Mzee amesimama pembeni, mikono nyuma. Lilipofungwa la tano au la sita akasema taratibu, "Mama, hili gunia mbona limebeba mtoto mgongoni?" Vijana wakacheka. Mimi nikamjibu, "Ndiyo soko, baba." Hakusema tena. Alizihesabu fedha zake, akanishukuru kwa mikono miwili, akaingia ndani.

Baada ya hapo, jumuiya ikiwa zamu ya kwangu, mzee ana udhuru. Leo mafua, wiki nyingine ng'ombe, nyingine mgeni. Tukikutana njiani, "Kamwene," "Kamwene," macho yake yako kwenye ua wa watu. Na mimi huyohuyo ndiye mhazini wa jumuiya! Sadaka nahesabu mbele ya mashahidi wawili, na ikipungua sarafu ya mia hatutawanyiki mpaka ipatikane.

Iliendelea hivyo karibu mwaka. Kilichonikamata si mahubiri. Ilikuwa zamu yangu kuongoza somo la jumuiya, nikachagua Walawi 19 kwa sababu nilitaka ule mstari wa 18, wa kumpenda jirani kama nafsi yako, mstari mwepesi, kila mtu ana la kusema. Usiku nikasema ngoja nisome sura nzima nisiaibike. Mstari wa 13: ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Nikakumbuka vijana wa kupakia ninaowaambia "njooni Jumatatu". Mstari wa 35 na 36: msidanganye katika kupima, muwe na mizani ya haki na vipimo vya haki. Sura ileile, dada. Miaka yote nimekariri jirani nikaacha mizani, na wamekaa nyumba moja.

Tena Biblia inatujua sisi wachuuzi kuliko tunavyodhani. Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi anayesema kitu hakifai, hakifai, kisha akiondoka anajisifu. Nilidhani aliyeandika alisimama nyuma yangu shambani. Na Amosi sura ya 8 kuna watu wanauliza Sabato itakwisha lini wafungue ngano yao, na kipimo chao wamekipunguza. Mimi nimeimba wimbo wa kutoka kanisani huku nawaza fuso limeshafika au bado.

Asubuhi yake nikaenda kwa jirani mwenye mzani wa mahindi, nikalipandisha gunia langu moja lililokuwa uani. Kilo 131. Nikaiacha ile moja, nikaandika kwenye daftari la Tumaini: kilo 30 mara magunia 40 ni kilo 1,200, yaani magunia 12, yaani shilingi 720,000. Halafu nikamkumbuka Zakayo, aliyesema atawarudishia aliowadhulumu mara nne. 2,880,000! Nikafunga daftari. Zakayo alikuwa tajiri, mimi nina marejesho ya mkopo wa kikundi cha VICOBA kila Alhamisi.

Baba Tumaini nilipomweleza aliweka kijiko chini. "Na wengine utawalipa lini? Ukimlipa huyu mmoja, umejitangaza mwizi kwa wote." Ana haki, na jibu sikuwa nalo, hata leo ninalo nusu tu. Siku mbili alikula na kuondoka bila neno. Watu husema ukitubu amani inaingia nyumbani. Kwangu kulianza kununa.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Chakula cha Bwana. Ijumaa usiku nikafungua Mathayo 5:23-24, ule wa kuiacha sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako. Nimeusoma tangu kipaimara, na siku zote niliusoma kwa kuwafikiria walionikosea. Usome tena polepole. Hausemi ukikumbuka una neno juu ya ndugu yako. Unasema ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako. Mwenye neno ni yeye. Anayefunga safari ni mimi.

Jumamosi jioni nikaenda. Nilikuwa na 200,000, na nyumbani hapakuwa na bahasha isipokuwa ile ya ahadi ya kanisa, nikaziweka humo. Mzee alikuwa anakatakata majani ya ng'ombe. Mkewe akanipa kigoda, akaleta chai. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nikaanza, "Baba, nimekuja kuomba msamaha, kama nilikukosea..."

Akaacha panga hewani. "Kama?"

Basi. Neno hilo moja. Dada, chai ilinishinda kumeza.

Nikaanza upya bila "kama". Nikaeleza gunia, mzani, hesabu yangu, na nikaeleza habari ya yale maombi, ambayo hakuijua. Hapo ndipo uso wake ulibadilika, sio kwenye viazi. Alikaa kimya, kisha akaingia ndani akatoka na kidaftari chenye jalada lililolainika. Siku ile, wakati sisi tunacheka, yeye alikuwa anahesabu madebe. Gunia kwa hesabu ya huku ni madebe sita. Langu lilikula manane. Magunia 40, madebe 80 ya ziada. Kwa bei ile ni 800,000, si 720,000. Tukashika hesabu yake.

Nilitaka aniambie "nimekusamehe". Nilikuwa naisubiri papo hapo, kama mtu anayesubiri chenji dirishani. Hakuisema. Alihesabu zile fedha, akachana karatasi, akaniandikia risiti: zimepokelewa 200,000, zimebaki 600,000. Nilipoaga nikamuuliza kama kesho naweza kwenda mezani pa Bwana. Akasema, "Nenda, mama. Mimi nitakwenda nikiwa tayari."

Nikaenda. Nikipita kwenye benchi lake alikuwa ameketi, kofia juu ya magoti, anaangalia mbele. Nimekula mkate ule nikijua kuna mtu hakuula kwa ajili yangu. Kama una mstari wa hilo, niandikie.

Sasa nanunua kwa kilo. Nimepata mzani wa kuning'iniza, umeshatumika lakini mzima, nikaupeleka ukakaguliwa, na kijana aliyekuwa anashona sasa ndiye anayepima. Mwanzoni alinuna, sasa anajifanya bwana vipimo. Faida imepungua, nisikudanganye. Wenzangu sokoni wananiita mlokole. Na wakulima nao si malaika: wawili waliposikia nanunua kwa kilo, mmoja aliniwekea vidogo na madongo chini ya gunia, mwingine alivimwagia maji viazi vyake viongeze uzito. Nilicheka nikiwa nimekasirika. Vijana wa kupakia nawalipa jioni ileile, na hilo ndilo limenipa usingizi kuliko yote.

Mzee nimeshampa jumla ya 500,000, kwa mafungu. Bado 300,000, nataka ziishe kabla ya mvua. Nina orodha ya wakulima wengine kumi na mmoja. Wawili nimeanza nao, mmoja amenifukuza na kuniita mnafiki, akazipokea fedha. Ile bei ya siku ya maombi sijui niifanyeje. Tulipatana, hakuna aliyemlazimisha, na bado najua. Baba Tumaini naye amerudi kuongea. Juzi nimemkuta anapiga hesabu ya ile orodha, hakuniambia kitu.

Sasa mdogo wako. Mstari sikutumii. Nikuulize tu, maana mimi niliulizwa: mara ya mwisho kumpigia bila kumdai ilikuwa lini? Na fedha za mahindi ya shamba la mama, msimu ule uliouza wewe ukanunulia bati, aliwahi kuelezwa zilikwendaje? Uliniambia mimi. Yeye sijui kama ulimwambia. Usinikasirikie, au nikasirikie lakini ujibu. Huenda kosa lote ni lake kweli. Amepoteza kazi, ana roho ngumu, sijui. Ila nakumbuka ulivyoniandikia, "kama nimemkosea basi aseme." Ile "kama" nimeiona kwa macho yangu ikishikwa na panga hewani.

Mama umpe pole zangu. Mwambie simsahau jinsi alivyotupikia makande tukirudi mazoezi ya kwaya, tena bila kutuuliza tumetoka wapi usiku ule. Dawa za presha azimeze hata akijisikia vizuri, anapenda kuziacha huyo.

Fuso linashuka Jumatano usiku, Alhamisi liko Mabibo. Nimemkabidhi dereva kiroba chenu, nimeandika jina lako kwa kalamu ya wino mweusi. Ni kilo 25. Kipime kabla hujamlipa kijana wa toroli, na ukikuta imepungua niambie.

Wako katika Bwana,
Mama Tumaini