Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tone la damu la kisigino

Mheshimiwa Waziri,

Mwanangu ana miaka saba. Kuhesabu hafiki tano, na vifungo vya shati bado namfungia mimi. Hapa Kayole, Nairobi, nimeambiwa mengi, mengine hayaandikiki. Nilirogwa, nilikosea mizimu. Kumbe ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, wa chumvi na sukari ya mwili.

Tezi za adrenali, zile ndogo zilizokaa juu ya figo, kwake hazitengenezi homoni mbili, aldosteroni na kotisoli, za kutosha. Aldosteroni ikikosekana, chumvi humwagika kwenye mkojo. Kotisoli ikikosekana, sukari ya damu hushuka. Msichana mwenye tatizo hili mara nyingi hugunduliwa mapema, kwa sababu sehemu zake za siri huonekana tofauti tangu kuzaliwa. Mvulana hutoka mzima, akapokewa kwa vigelegele. Wangu alianza kutapika na kukataa titi wiki ya pili. Hospitali tuliyokimbilia (siitaji) ilisema ni tumbo tu, tukarudi nyumbani na ORS. Siku ya tatu degedege likamshika. Uhai tuliuokoa. Ubongo ulikuwa umeshaumia.

Sasa anameza haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la kotisoli, mara tatu kwa siku. Alipokuwa mchanga, kidonge cha miligramu 10 nilikikata kwa wembe juu ya kisahani, na unga uliobaki nikauokota kwa ncha ya kidole kilicholowa. Fludrokotisoni, ile ya kuziba pengo la aldosteroni, ndiyo msumbufu: kuna miezi nimezunguka maduka ya dawa ya mjini hadi jioni nikarudi mikono mitupu.

Alaska walianza kujaribu kuwapima watoto wachanga ugonjwa huu mwaka 1977, kwa tone la damu la kisigino lililokaushwa kwenye karatasi. Na hilo si geni kwako, Mheshimiwa. Watoto wa mama wenye VVU tayari huchomwa kisigino kliniki wakiwa na wiki sita, karatasi ikapelekwa maabara. Wauguzi wanajua kuchoma. Ongeza kipimo cha adrenali, na cha tezi ya shingo pia, maana nayo ikilala huacha ulemavu wa akili uleule. Lakini kifanywe siku za kwanza. Wiki ya sita wengine huwa tumeshawazika.

Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama, na kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne. Nina mimba ya miezi saba. Huyu nitampima kwa pesa za chama, maabara nimeshaipata. Jirani yangu wa mlango wa pili anajifungua mwezi ujao, na neno adrenali hajawahi kulisikia.

Wako mwaminifu,
Mama wa Kayole