Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mfuko wa Utafiti wa Wanawake na Jinsia

Ndugu Wanachama,

Semina za kila robo mwaka zilifanyika, Siku ya Wanawake ya Machi 8 tulishiriki, na hesabu zimekaguliwa. Mihtasari mnayo. Mapato yalikuwa shilingi 18,450,000: ruzuku ya chuo 15,000,000, ada 1,350,000 na michango 2,100,000. Tumeidhinisha tafiti tano za shilingi 2,400,000 kila moja. Niseme wazi kwamba ruzuku ya chuo haikujileta. Niliifuatilia mwenyewe tangu bajeti inaandaliwa, wakati wengi wenu mlikuwa mmeshakata tamaa.

Sasa nije kwenye uamuzi uliozua maneno. Kamati ilitoa asilimia 60 ya fedha za kila utafiti mwanzoni, na asilimia 40 ikabaki hadi mtafiti arejeshe masurufu, yaani aonyeshe kwa risiti fedha ya kwanza ilivyotumika, na kuwasilisha data. Vilevile tulirudisha maandiko matatu ya kuombea fedha za utafiti. Nimeitwa mkali kwa sababu hiyo, lakini uamuzi ule nausimamia.

Maandiko yale yalihesabu wanawake na wanaume tu, kisha yakajiita utafiti wa jinsia. Dodoso moja kuhusu wakulima wa pareto lilimhoji mkuu wa kaya peke yake. Kwa njia hiyo utapata ukubwa wa shamba na kilo zilizouzwa, lakini hutajua nani alichuma maua, nani aliyaanika, wala nani alipokea fedha kwenye mizani. Hata mke akihojiwa mume akiwa amekaa pembeni, atajibu huku akimtazama mumewe. Mke ahojiwe peke yake, na mdadisi wa kike anayejua lugha ya pale, awe Mkinga au Mnyakyusa. Gharama hiyo lazima ionekane kwenye bajeti.

Kuna pia kunukuu mahojiano, yaani kuandika neno kwa neno sauti zilizorekodiwa, jambo ambalo karibu kila bajeti hulisahau. Saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kuandika. Fedha ikiishia kwenye posho na mafuta ya gari, sauti zinabaki kwenye simu na ripoti haiandikwi. Asilimia 40 tuliyoizuia ni kwa ajili ya kazi hiyo hasa. Watafiti wawili hawajaipata hadi leo kwa kukosa risiti, na kunipigia simu usiku hakutaleta risiti.

Kalenda nayo inatuumiza. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ukianza kuomba barua ya chuo fedha ikishaingia, kisha uende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilayani, halmashauri na kwa mtendaji wa kijiji, utafika Makete, mkoani Njombe, mvua zimeshaanza, barabara ni tope na akina mama wako shambani kutwa. Vibali viombwe mapema. Tafiti za afya zina kibali cha maadili juu ya hivyo.

Mahudhurio yamenisikitisha sana. Kikao cha Februari, kilichojadili vigezo hivi hivi vinavyolalamikiwa, kilikuwa na watu 11 kati ya wanachama 64. Waliolipa ada ni 27. Asiyekuja kikaoni wala kulipa ada anapata wapi nguvu ya kuandika barua ya malalamiko kwa uongozi wa chuo?

Mwaka ujao tunatarajia kushirikiana na vyuo vingine vya Mbeya na Iringa, na fedha ikiruhusu kuongeza idadi ya tafiti.

Ada ni shilingi 50,000, ilipwe kwa Mhazini kabla ya Julai 31. Asiyelipa, andiko lake halitapokelewa.

Mwenyekiti