Kodi ya chumba changu sasa nimlipe nani?

Bi Mshauri, assalaam aleikum.

Mimi ni mpangaji wa Majengo hapa Mombasa. Mwaka wa 14 huu niko katika nyumba moja ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, choo na bomba uani, na barazani ndipo ninapokaanga mahamri yangu alfajiri. Nyumba ni ya marehemu mzee wetu, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine. Kama wengi wa huku, mwenye nyumba naye alikuwa akilipa kodi ya ardhi. Mimi namlipa 2,400 kwa mwezi. Kila tarehe 5 mzee alikuja mwenyewe, akanywa chai kwa mahamri mawili, akaandika kwenye daftari langu, akatia sahihi, akaenda zake. Mkataba hatukuandikiana kamwe.

Mzee alifariki mwezi wa Shaabani. Hata arubaini haijafika, mwanawe mkubwa akaja kutwambia kodi sasa ni 4,000, tena tumtumie kwa M-Pesa. Daftari hataki hata kulishika. Wiki mbili baadaye akaja dada yake: kesi ya mirathi iko kwa Kadhi, kakake hana ruhusa ya kukusanya chochote, na atakayempa ajue atalipa mara mbili. Mama yao yuko edani, siwezi kumpelekea ugomvi wa wanawe. Mzee wa mtaa naye katushauri tugawe, nusu kwa kaka nusu kwa dada. Kwa hesabu hiyo si nitadaiwa na wote wawili?

Mwezi uliopita sikumpa mtu. Zile 2,400 nimeziweka kando, sijazigusa. Kijana akapiga kufuli bomba la uani, na sasa nanunua maji ya mkokoteni, mitungi mitatu kwa siku, na unga wa mahamri haukandwi kwa mate. Anasema mwezi ukiisha ataleta dalali achukue friji langu, na nikizidi kubisha ataezua mabati juu ya chumba changu. Kijana huyu nimemlisha mahamri tangu yuko chuoni kwa maalimu, Bi Mshauri.

Binamu yangu ni karani kwa wakili. Anasema kuna Sura ya 296 katika Sheria za Kenya, sheria ya tangu 1959, inayolinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Chini ya sheria hiyo mwenye nyumba hapandishi kodi kwa mdomo tu, wala hamtoi mpangaji bila amri ya baraza la kodi, lile linaloamua kesi za wapangaji na wenye nyumba, na kumkatia mtu maji ili ahame ni kosa. Nilifurahi mpaka akaongeza la pili: nikilipa hizo 4,000, hata mara moja kwa kutafuta amani, siku nikienda kwa hilo baraza naweza kuambiwa chumba changu kimepita kiwango, niende mahakama nyingine na wakili wangu. Wakili nitamtoa wapi mimi? Yaani ukuta wangu wote ni shilingi mia moja! Na wenzangu wawili wa vyumba vya mbele wameshalipa 4,000, wakaniambia najitafutia makuu.

Sasa nisaidie. Kabla Kadhi hajaamua, hizi pesa nimpe nani nisije nikahesabiwa mdaiwa? Kuna mahali naweza kuziweka nikapewa risiti? Hilo daftari lenye sahihi za mzee litatosha kuonyesha kodi yangu ni 2,400, maana karatasi nyingine sina? Na dalali akija kweli kabla sijafika kwenye baraza, nimdai karatasi gani mlangoni?

Tarehe 5 ni wiki ijayo.

Mpangaji wa Majengo