Anayetaka kuacha sigara aende wapi?

Mhariri,

Kila mvutaji analijua onyo la pakiti ya sigara. Asichojua ni aende wapi akiamua kuacha. Wengi huambiwa tu wajikaze. Lakini nikotini huzoesha ubongo. Siku za kwanza bila sigara mtu hapati usingizi, hukasirika ovyo na hatulii. Ndiyo maana tangu 2009 plasta na chingamu za nikotini, za kumpunguzia mtu hamu ya sigara, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hapa Kenya, mtu wa kibarua atazipata wapi, na kwa bei gani? Sigara moja moja, iliyopigwa marufuku na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, aipata kibanda chochote.

Na kubeti je? Mwongozo wa magonjwa wa shirika hilohilo, ulioanza kutumika 2022, unaiweka kamari iliyomshinda mtu katika kundi la uraibu wa tabia, pamoja na michezo ya video. Sisi bado twaita tamaa. Kijana anayekopa kwa simu usiku wa manane aweke dau hahitaji mahubiri. Ahitaji mshauri, na mtu wa nyumbani wa kumshikia pesa kwa muda.

NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina nambari ya simu ya bure ya kuomba ushauri, 1192. Kaunti ziibandike katika kila zahanati, na mlangoni pa kila duka la kubeti. Wenye maduka wakinuna, wanune.

Msomaji,
Likoni, Mombasa