Kaka anataka nichukue kompyuta, mimi nataka lishe

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 21, naishi Mbagala na mama pamoja na wadogo zangu. Nasoma shahada ya kemia hapahapa Dar es Salaam, nimemaliza mwaka wa kwanza. Chuo chetu kinaruhusu mwanafunzi kuchukua fani ndogo pembeni ya fani yake kuu, na fomu zinatakiwa kabla muhula haujaanza. Mimi nataka lishe na sayansi ya chakula. Kaka yangu mkubwa, anayelipa ile sehemu ya ada ambayo mkopo wa Bodi haufiki, anataka nichukue kompyuta.

Kaka si mtu mbaya, naomba nitangulize hilo. Tangu baba afariki yeye ndiye anayetubeba. Hoja yake ni kwamba fani ndogo ya lishe haitanifanya afisa lishe, na hapo anasema kweli. Nafasi za halmashauri zinataka mtu aliyesoma lishe yenyewe kama shahada, kama wale wanaotoka Sokoine kule Morogoro. Anasema nitatoka chuoni na cheti kinachosema kemia, halafu kipande cha lishe ambacho hakuna mwajiri atakayekiuliza, wakati kompyuta inatakiwa kila ofisi.

Sasa nikueleze kwa nini bado nang'ang'ania.

Mama anatengeneza unga wa lishe. Ndio uliotusomesha, na mpaka leo kina mama wa mtaani wanaukimbilia mtoto akifikisha miezi sita na kuanza uji. Anachanganya mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga na mbegu za maboga, kwa sababu wateja wanaamini vikiwa vingi ndio lishe inakuwa nyingi. Mwaka jana nilisoma somo moja la utangulizi la chakula, na tangu hapo siwezi kuuangalia ule unga kama zamani. Mahindi, mchele na ngano kwa sehemu kubwa vyote ni wanga, kazi yao ni ileile. Karanga zikishasagwa, mafuta yake huchacha upesi, kwa hiyo unga unaokaa wiki nyingi kwenye ndoo unaharibika hata kama haunuki. Na mtoto akipata mzio, mama yake atajuaje ni kitu gani kati ya hivyo saba?

Kinachoninyima usingizi zaidi ni sumukuvu. Inatokana na ukungu kwenye mahindi na karanga ambazo hazikukaushwa au kuhifadhiwa vizuri, inaharibu ini, na kuchemsha uji hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi yao wenyewe ya nyumbani. Mama ananunua karanga Tandika, na zile zilizovunjika na kusinyaa ndizo za bei rahisi, ndizo zinazokwenda mashineni.

Nilimweleza kwa upole, Anti. Nilianza kwa kumsifu, maana soya huwa anaichemsha na kuikaanga kabla ya kusaga, na hiyo ndiyo njia sahihi, kwani soya mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kumeng'enya protini. Hakufundishwa na mtu. Lakini nilipofika kwenye karanga akanikatisha: “Hawa watoto unaowaona wanacheza hapo nje wamekua kwa unga gani?” Nikanyamaza. Kuchambua karanga maana yake ni kutupa sehemu ya kila gunia, na faida yake ni ndogo tayari. Siwezi kumwambia atupe hela yake kwa sababu ya somo moja la utangulizi. Ndiyo maana nataka kusoma zaidi: nijue kupima unyevu, nijue mchanganyiko wa vitu vitatu au vinne unaotosha, nijue TBS, lile shirika la viwango, wanataka nini mpaka wampe mtu alama ya ubora.

Na sikubali kwamba hakuna kazi. Pale Barabara ya Nyerere kuna viwanda vya vyakula, na kiwanda cha chakula kinahitaji mtu wa maabara. Mkemia anayejua chakula si sawa na mkemia mtupu. Tena suala hili halijaisha nchini mwetu. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Imeshuka kutoka 34 ya mwaka 2015/16, lakini bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu, na taasisi yetu ya chakula na lishe ipo tangu mwaka 1973. Nikisoma namba hizo nawaona watoto wa mtaani kwetu. Kompyuta naweza kujifunza jioni, hata kwenye simu. Maabara ya chakula siwezi kuiweka nyumbani.

Naomba unisaidie mambo mawili. Kwanza, nimkabili vipi kaka bila kuonekana sina shukrani? Nimefikiria kumwomba mjomba anisindikize tukaongee naye, lakini naogopa kaka ataona nimemshtaki kwa wakubwa. Ada ya muhula bado haijalipwa, na akiudhika sina pa kuipata.

Pili, ni mama. Je, nisubiri mpaka nimesoma vya kutosha ndipo nimrudie, au niendelee kumwambia sasa hivi wakati watoto wanakunywa ule uji kila asubuhi? Nimeanza kuchambua karanga mwenyewe usiku akishalala, zilizoota ukungu naziweka pembeni. Juzi ameniuliza mbona kilo zinapungua, na sijampa jibu.

Msomaji wako,
Binti wa Mbagala