Albamu ya udi izinduliwe uani, si uwanjani

Mhariri,

Mpiga udi wa Lamu anayetoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, baada ya miaka mingi ya kuwapigia wengine, anastahili usiku wa kusikilizwa. Tunaomba usiku huo ufanywe uani mwa nyumba ya mawe, watu 40 mkekani, wala si uwanjani kwa spika za kukodi.

Udi, ala ya kukwanyua, una nyuzi 11: jozi tano na uzi mmoja mnene. Sauti yake ni ya upole. Kipaza sauti kikisogezwa karibu, tumbo la udi hupokea mlio wa spika na kuurudisha, kukaanza kuvuma. Fundi akipunguza mvumo, uzi mnene hupotea, hubaki mkwaruzo. Uani, kuta za matumbawe zenye chokaa zinatosha kuikuza sauti. Mwimbaji aupe ukuta mgongo, lakini asikae kwenye pembe, maana pembe huvimbisha sauti nene. Mikeka itandikwe kote, mwangwi usimeze maneno. Vyumba vya ndani havifai: upana wake hufuata urefu wa boriti, karibu mita tatu tu, na wa nyuma hawaoni vidole vya mpigaji.

Nyuzi mpya za nailoni zifungwe siku nne kabla, kwa kuwa huendelea kunyooka. Zikifungwa jioni ile ile, kila baada ya beti mbili ni kukaza. Udi uliotoka chumba cha kiyoyozi utolewe mkobani saa nzima mapema, mti uzoee hewa ya bahari. Kigingi kinachoteleza kipakwe chaki. Dumbaki, ngoma ndogo ya mkono, ikiwa ya ngozi hulegea kwa unyevu. Ioteshwe makaa huku ikizungushwa, mbali kiasi cha urefu wa mkono. Ikikaribia zaidi, ngozi hubanduka au kupasuka.

Waanze baada ya Isha. Kahawa na haluwa zitangulie, vikombe viondolewe. Wa kutuza waweke fedha kwenye sinia mlangoni, wasikatize wimbo.

Na nyimbo ziimbwe kamili! Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, alipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu, ikabidi beti zipunguzwe. Leo kikomo hicho hakipo, lakini beti bado zinakatwa ili redio ipige. Katika mji uliomzaa mpiga udi mashuhuri Zein l'Abdin, taksimu, yaani udi kupigwa peke yake kabla ya wimbo, isifanywe ya kuwasubiri waliochelewa. Ipewe dakika zake.

Linalotuuma zaidi ni mshairi. Huku kwetu mwimbaji na mtunzi mara nyingi ni watu wawili, na bango huandika jina moja. Mtunzi atajwe kabla ya kila wimbo, aketishwe mbele, na hata albamu ikiuzwa kwa fleshi, iambatane na karatasi ya mashairi yenye jina lake juu ya kila utungo.

Wapenzi wa udi,
Langoni, Lamu