Kwani Mathare watoto wameisha?

Nairobi,
Alhamisi usiku

Mpendwa Mwende,

Salamu kwako, kwa Baba Kioko na kwa mama. Magoti yake yanaendeleaje? Sisi hatujambo. Stima zilipotea jioni, Tumaini amelala bila kumaliza kazi ya shule, na mimi nimebaki na mshumaa. Ningekupigia lakini hupokei, na nikituma ujumbe zile alama zinageuka buluu halafu kimya. Basi nimerudi kwenye kalamu. Achieng' ndiye atakayekuletea barua hii, na nimemwonya asitoke kwako mikono mitupu.

Nakuandikia kwa sababu ya yale maneno yako. Siku ilipotangazwa kanisani kwamba mimi na Baba Tumaini tunatumwa Kamboja, kule Asia, akina mama walipiga vigelegele, mama mkwe akalia (wala si kwa furaha), na wewe ukanitumia maneno manne tu: "Kwani Mathare watoto wameisha?"

Yangetoka kwa Mjomba Oduor nisingejali. Yeye aliuliza kwanza kama Kamboja iko karibu na Kongo, pili kama mshahara ni wa dola. Nilipomwambia mshahara hakuna, kwamba tunatafuta watu wa kutuahidi kitu kila mwezi, mia tano, elfu moja, chochote mtu alicho nacho, alicheka mpaka akapaliwa na chai. Kwake mmishonari ni Mzungu mwenye Land Rover anayekuja kwetu. Mtu wa Kariobangi akisema ametumwa ng'ambo, huyo anakimbia madeni. Na lile kundi la WhatsApp la mchango, kila nikiandika neno watu wawili wanatoka. Hayo nayavumilia.

Lakini wewe? Wewe uliyefundisha nami katika kile kituo cha yatima?

Unazikumbuka Ijumaa za wageni. Watoto wanasuguliwa visigino kwa jiwe, wanapakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa, wanapangwa mstari kwa kimo, na mimi nawe tunawaanzishia wimbo wa kukaribisha. Na yule Kevo, aliyekuwa akichungulia langoni kisha anakuja kuninong'oneza, "Mwalimu, hawa ni wa soda ama ni wa mkate?" Maana alishawapanga: wa soda walitaka kukumbatiwa na kupigwa picha, wa mkate walitaka kuhubiri. Tulicheka mimi na wewe siku nzima. Halafu ghafla nyanya yake akatokea kutoka Dandora na mfuko wa sukuma wiki, na kumbe mtoto ana nyanya, ana mama, ana mashangazi, na kilichomfikisha pale ni karo na kodi ya nyumba. Hukusema kitu siku hiyo. Ulikwenda ukafunga mlango wa darasa.

Basi hilo ndilo linalotupeleka Kamboja, na ungeniuliza ningekwambia. Hatuendi kufungua kituo cha yatima. Vya kule viliongezeka kadiri watalii walivyoongezeka, miaka mingi baada ya ule utawala katili wa Khmer Rouge kung'olewa mwaka 1979, na watoto wengi waliomo wana mzazi aliye hai. Walipelekwa na umaskini, na ahadi ya shule. Serikali ya huko inataka warudishwe makwao, kama hii yetu ilivyojiwekea mpango wake wa kuanzia 2022 hadi 2032. Baba Tumaini ndiyo kazi anayoifanya hapa, unamjua: anatafuta kwao mtoto ni wapi, anakaa na nyanya, wanapiga hesabu ya kodi na unga, na mwezi ukiisha anarudi kuona kama mtoto bado yupo na kama anakwenda shule. Kanisa dogo la huko limeomba mtu wa namna hiyo, anayejua kituo kinavyofungwa bila watoto kuishia barabarani. Mimi nitakuwa na wadogo wa chekechea.

Wito wake ulikuja kwa kishindo. Aliamka saa tisa usiku, akapiga magoti, kulipokucha ameshaamua. Wangu haukuwa na kishindo chochote. Nilimwomba Mungu ambadilishe yeye mawazo, na niliomba kwa bidii kweli. Halafu mume na mke, Wakenya wenzetu waliokuwa huko, wakaja kanisani wakatusimulia jinsi basi la wageni likisimama watoto wanavyokimbilia mstarini bila kuambiwa. Hapo nikamsikia Kevo sikioni. Kama huo si wito, basi sijui wito ni nini.

Juzi nilimwambia Baba Tumaini naihofia homa ya dengi kwa ajili ya Tumaini. Akaanza kunieleza habari za Krapf, yule mmishonari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kabla mwaka haujaisha ameshamzika mke na mtoto. Eti ananifariji! Nilimfukuza jikoni. Baadaye nikiosha vyombo nikawaza kwamba hata kwao Ujerumani mwaka huo watoto wenye njaa hawakukosekana. Labda na yeye alikuwa na rafiki wa kumwandikia maneno manne. Na labda huyo rafiki alikuwa na haki, maana… basi, tuache.

Lugha ya Kamboja ina herufi 33 za konsonanti na wakiandika hawaachi nafasi kati ya neno na neno. Tumaini anamshinda baba yake vibaya sana. Kinachonisumbua mimi ni kingine: kule kichwa cha mtu hakiguswi, hata cha mtoto. Fikiria! Mimi ambaye mkono wangu unakwenda kwenye kichwa cha mtoto kabla sijafikiri. Jumamosi nilijaribu kufundisha mikono ikiwa nyuma, na Brayo akasema kwa sauti, "Teacha leo ameudhika."

Ndiyo, Brayo wa Mathare. Unafikiri lile swali lako silijui? Nimelala nalo, nimeamka nalo. Tangu mafuriko ya Aprili 2024 na nyumba za kando ya mto kubomolewa, baadhi ya wale watoto wamehamia mbali, na bado Jumamosi wanakuja kwa miguu. Hawajaisha, Mwende. Sina jibu la kukushinda, ila nina ombi: wachukue wewe.

Usikunje uso. Ni Jumamosi asubuhi tu, na wewe ni mwalimu kuliko mimi. Ufunguo wa ukumbi uko kwa Mama Njeri wa mboga, na uji lazima ubandikwe kufikia saa mbili, la sivyo watakula chaki. Brayo akiulizwa swali humpiga aliye karibu, kwa hivyo mweke mbele, pembeni. Halima ameruhusiwa na mamake kusikiliza hadithi lakini si kuimba. Wimbo ukianza mpe kazi ya kugawa vikombe, ataipenda. Na wageni wakija na kamera, wewe unajua la kuwaambia.

Sasa nijibu. Utawachukua? Baba Kioko atasemaje kuhusu Jumamosi zake? Wiki ijayo unaweza kuja tukae nao pamoja, wakuzoee nikiwa bado nipo? Ulichukia safari yenyewe, au ulichukia kuisikia kanisani pamoja na watu wengine? Ibada ya kututuma ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Utakaa nami mbele au utajificha kule nyuma kwa vijana? Kevo umewahi kumwona? Nimesikia ni makanga wa matatu za Dandora, ni kweli? Na ile sufuria yangu kubwa uliyoazima kwa harusi ya Wanza, itarudi lini? Uji wa Jumamosi unaihitaji, hata kama mpishi ni wewe.

Wako,
Mama Tumaini